Maji Hufungwa Jioni

Maji yalikatika mgeni wa chumba cha juu akiwa amejipaka sabuni mwili mzima, na povu la nywele limeanza kumshukia machoni. Alizungusha koki kulia, akaizungusha kushoto, akaipiga kofi. Halafu akajifunga taulo, akapapasa ukutani hadi kwenye simu na kupiga mapokezi. Dada wa mapokezi, ambaye alikuwa amekwisha kuulizwa swali hilohilo na vyumba vingine, akamjibu kwa ile sauti laini aliyofundishwa: mzee amefunga maji, yatarudi alfajiri. Mgeni akauliza ni mzee gani. Akaambiwa mwenye nyumba, yaani aliyekuwa mwenye nyumba, maana alishafariki. Mgeni akasema haya, lakini walau wamletee chupa ya maji anawe macho.

Hoteli yenyewe si ya matajiri wala ya makabwela. Ni ya watu wa katikati, wale wanaopenda kulala mahali panapotoka vizuri kwenye picha. Kuta zimeachwa bila lipu kwa makusudi, na kuibandua hiyo lipu kulikula fedha nyingi kuliko kuipiga. Balbu zinaning'inia kwenye waya mtupu. Kila chumba kina kiti kimoja, na hakikaliki. Vyumba ni vidogo, ila ole wako useme ni vidogo. Vinaitwa vya faragha. Madirisha hayana mapazia, eti mwanga ni sehemu ya dhana.

Zamani ilikuwa nyumba ya fundi bomba, aliyeijenga mwenyewe kidogo kidogo, akaishi humo na mkewe, mtoto wa kiume na mtoto wa kike. Mtaa ule maji yalikuja yanapojisikia. Kwa hiyo fundi aliweka tangi juu ya paa, akaweka na sheria: jua likizama anapanda ngazi na spana yake, anafunga koki kuu, na alfajiri anaifungua, ili asubuhi kila mtu apate ya kunawa. Aliyezembea kuoga alilala na jasho lake. Mkewe, ambaye hakuwahi kumaliza kazi za jikoni mapema hata siku moja, alijichotea ndoo kabla mumewe hajapanda, akaifunika kwa sinia, na juu ya sinia akaweka kopo kifudifudi. Ndoa yao ilikwenda hivyo miaka yote: mmoja anafunga, mwenzake ameshachota.

Fundi alikufa kifo cha kawaida, kitandani kwake. Haikupita wiki, jioni moja wakamsikia ngazini. Mkewe alisema tu, "Huyo amefika," akaenda kuchota ndoo yake. Tangu hapo fundi alikuja kila jioni, akafunga maji, akashuka jikoni kukaa kidogo na mkewe, kisha akaenda zake. Majirani hawakushangaa. Mtu mwenye mazoea kama yale asingeyaacha kwa sababu ya kufa tu.

Tatizo lilikuwa mtoto wa kiume. Huyu bwana alijaliwa maneno matamu, na nyumba ilikuwa kwa jina lake kwa kuwa ndiye mkubwa. Alimwambia mama yake kwamba nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja, kwamba ngazi zitamvunja nyonga, kwamba kuna watu wastaarabu wenye mipango mizuri. Akaiuza. Mama akapelekwa kwa binti yake kwa muda mfupi, mpaka mwana atakapompatia mahali patulivu. Huo muda mfupi unaendelea hadi leo.

Binti anashona mapazia. Anaishi vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka, kwenye kiwanja kisicho na bomba. Maji wananunua kwa madumu, yanaletwa na mkokoteni. Siku ya kuhama walibeba magodoro, wakabeba masufuria, wakaaga jirani hadi jirani. Marehemu peke yake ndiye ambaye hakuagwa. Kaka alidhani mama atamwambia mumewe jioni, wakikaa jikoni kama kawaida yao. Lakini gari la mizigo lilikuja asubuhi, na jioni mama alikuwa upande mwingine wa jiji.

Basi kila jioni mama alichota ndoo kutoka kwenye dumu la kununua, akaifunika kwa sinia, akaweka kopo, akakaa mlangoni. Fundi hakutokea. Mwanzoni mama alisema njia ni ndefu. Baadaye akasema labda amenuna. Halafu akaacha kusema chochote, na hilo ndilo lililomuuma binti yake.

"Mwanangu," mama alisema siku moja, "nenda kamwambie baba yako tumehama. Atakuwa anadhani nimemkimbia."

Kule hotelini, fundi alikuwa akifunga maji kama kawaida yake. Waliletwa mafundi bomba, mmoja baada ya mwingine. Kila aliyepanda paani alimkuta mzee, akamwamkia, akashuka, akasema samahani, yeye hawezi kufungua koki aliyoifunga mwalimu wake. Wakanunua pampu ya umeme. Mzee akaifunga na hiyo.

Ndipo meneja akapata akili. Meneja ni kijana msafi ambaye suruali zake zote huishia juu ya kifundo cha mguu, na hakuna anayejua nusu nyingine huenda wapi. Aliweka kadi kando ya kila kitanda: Saa ya Ukimya wa Maji. Wageni waliokuwa wakifoka na povu kichwani wakaanza kupiga picha mabomba makavu. Wakawaandikia wenzao kwamba wamejipata upya. Bwana na bibi mmoja waliapa kwamba jasho limeokoa ndoa yao. Vyumba vikajaa, bei ikapanda. Meneja akamshonea mzee aproni ya kitani, akambandika beji ya Mlinzi wa Maji. Fundi, ambaye uhai wake wote hakuwahi kuajiriwa na mtu mwenye sare, aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama kuna likizo. Meneja alicheka sana, akasema mzee ana vichekesho.

Binti alipofika getini aliambiwa paa ni la wageni tu. Akarudi kushona. Alishona mapazia ya shule nzima ya bweni, macho yakamwiva, na mwisho wake akaja tena kama mgeni, na kibegi. Wakampa chumba cha chini, kile kilichokuwa jikoni. Kitanda kilikaa palipokuwa na jiko. Ukutani, doa jeusi la moshi lilikuwa limewekewa kioo na taa yake ndogo. Mhudumu aliyembebea kibegi akamweleza kwamba ule ni moshi halisi, kazi ya msanii asiyejulikana. Binti akasema anamjua, ni yeye mwenyewe aliyeunguza chungu.

Jua lilipoanza kuzama alipanda paani. Wageni walikuwa wamesimama na glasi mkononi. Fundi akatokea ngazini na aproni yake, akawapita, akainama kwenye tangi na kufunga koki kwa spana ileile ya zamani. Wageni wakapiga makofi kwa ncha za vidole, kama walivyoombwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaoga?"

Binti akamwambia bado, halafu akamweleza yote kwa mkupuo mmoja, asije akaingiwa na kilio katikati: nyumba imeuzwa, mama yuko kwake, gari lilikuja asubuhi, hakuna aliyemwambia. Mzee akaifuta spana kwenye aproni, taratibu, upande huu na upande huu.

"Nilikuta jikoni pana kitanda," akasema. "Nikajua amenichoka."

"Anakungoja kila jioni, baba. Anakuchotea na ndoo."

Mzee akauliza kama huko kwake kuna bomba. Alipoambiwa wananunua kwa madumu, alikasirika kuliko alivyokasirika kusikia nyumba imeuzwa. Mke wa fundi bomba ananunua maji! Akafungua mkanda wa aproni, akaikunja vizuri, akamwambia binti yake waende. Wakashuka pamoja hadi getini. Hapo mzee akainua mguu, na mguu ukabaki hewani, kama wa mtu anayetafuta ndala gizani. Akaurudisha. Akajaribu kwa mguu mwingine. Haukupita.

Meneja alikuwa amewafuata nyuma bila haraka. Alieleza kwa adabu zote kwamba haiwezekani, kwa sababu hoteli ilinunua nyumba pamoja na kila kilichomo na kila kinachoingia. Kwamba mzee ni roho ya mahali hapa. Na kwamba kaka wa binti mwenyewe ndiye aliyelitia neno hilo kwenye mauzo, wala si wao.

Binti akampigia kaka yake palepale. Kaka hakukataa. Alisema wanunuzi walikuwa wakivutana naye, akawadokezea kwamba baba huwa anakuja jioni, wakaongeza kidogo. "Nilimjumlisha," akasema, kwa sauti ya mtu anayengoja kushukuriwa.

Binti akakata simu. Akakaa chini, kwenye kokoto za mapambo, akalia. Mzee akamshika bega, akamwambia anyamaze, akaoge kabla maji hayajaisha kwenye bomba. Meneja naye, kwa kuwa si mtu mbaya, akamwambia kwamba ndugu wa marehemu wana punguzo siku za katikati ya wiki, isipokuwa msimu wa wageni wengi.

Nyumbani mama alisikiliza hadi mwisho. Hakumlaani mtu. Aliuliza tu mumewe amevaa nini. Akaambiwa aproni. Akauliza kama imempendeza.

"Imempendeza," binti akasema.

"Yeye kila kitu kilimpendeza," mama akasema, akageukia ukutani.

Binti akashona tena, na siku moja ya katikati ya wiki mama akaingia hotelini na gauni lake la kutokea na ndoo ya plastiki mkononi. Dada wa mapokezi akauliza ndoo ni ya nini. Mama akasema ni ya maji. Akapewa chumba kilekile cha jikoni. Hakutazama doa la moshi wala hakukijaribu kiti. Alichota ndoo, akaifunika kwa sinia aliyokuja nayo, akaweka kopo kifudifudi, akakaa ukingoni mwa kitanda na mikono mapajani.

Wakati ule kazi ya fundi ilikuwa imeongezwa. Akishafunga koki, hupita mlango kwa mlango na kusema maneno aliyofundishwa. Alipofika jikoni aligonga, akafungua, akaanza huku ametazama chini kwa heshima: "Mgeni mpendwa, maji yamepumzika." Kisha akaiona ndoo, na sinia, na kopo.

"Umechota," akasema.

"Nilijua utafunga."

Akaingia, akakaa chini karibu na palipokuwa jiko. Walikaa vile bila mazungumzo makubwa. Mama alimsimulia bei ya dumu, fundi akasikitika. Kisha akaenda zake, kama zamani. Asubuhi mama alitandika kitanda mwenyewe, akaikausha ndoo yake, akaondoka kabla hajaambiwa muda umekwisha. Njiani alikuwa akiimba, na binti yake, aliyekuja kumchukua, akaona haya na furaha kwa pamoja.

Ila mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo, na meneja alikuwa koridoni. Msimu uliofuata kila chumba kilikuwa na ndoo ya shaba, imefunikwa kwa sinia ya shaba, na kopo la shaba juu yake kifudifudi. Bei ikapanda tena, na punguzo la ndugu likaondolewa. Mama amepiga moyo konde, anangoja shule nyingine inayotaka mapazia.

Jioni, fundi akishafunga maji, hushuka na kugonga mlango wa kwanza. Akifungua huiona ndoo, na uso wake wote hubadilika. "Umechota," husema. Wageni, kama kadi inavyowaelekeza, humjibu, "Nilijua utafunga," na kumpiga picha. Mzee huwatazama vizuri usoni, huomba radhi, hufunga mlango taratibu, halafu huenda kugonga unaofuata.