Kamba ya Mtamba

Ndugu yangu Wanjala hakutaka kuinuka, na nyumba ya jirani yetu Gachanja ilikuwa inawaka.

Ilikuwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nje kidogo ya Kitale. Lori la mwisho la kututoa lilikuwa linapiga honi barabarani. Nilimvuta mkono. Mkono ulikuja, mwili ukabaki kitandani.

"Wanjala, watatuchoma!"

"Najua," akasema, macho ukutani.

Wanjala ana skizofrenia. Sindano za kliniki ya Bungoma zilinyamazisha sauti alizokuwa anasikia, lakini hamu ya kufanya jambo haikurudi. Hakuoga, hakulima. Watu waliita hali hiyo uvivu. Mimi pia, mpaka Sista Chepkorir, mshauri wa kliniki, aliponikatiza.

"Mzee Mukhisa, huo ni ugonjwa, kama zile sauti. Usimwamrishe. Achague kitu kimoja kidogo, akifanye kila asubuhi. Akimaliza, muulize amejisikiaje."

"Asipofanya?"

"Mngoje."

"Sista, magugu hayangoji."

"Basi palilia wewe, ukimngoja."

Wanjala alichagua kumpeleka mtamba wetu mtoni kunywa maji. Mwanzoni alifika mlangoni tu, akarudi kulala. Nikangoja. Baada ya miezi mitano alikuwa anamsugua mgongo mtamba na kumsemesha.

Kwa hiyo siku ile niliacha kupiga kelele. Nilimfungua mtamba, nikamleta hadi mlangoni, nikamwekea Wanjala kamba mkononi.

"Ana kiu," nikasema.

Wanjala akaketi. Akatafuta kiatu kimoja, kisha cha pili. Mabati ya Gachanja yalikuwa yanapasuka kama risasi. Nilijikojolea, lakini sikumhimiza. Tulipotoka, lori lilikuwa limeenda.

Tulikata mashambani, katikati ya mabua makavu, kwa mwendo wa ng'ombe. Nilisikia mayowe nyuma na sikugeuka. Mchana, tulipotokea barabara ya Bungoma, vijana wenye mapanga walikuwa wameweka mawe njiani.

"Niaje, mzee. Hiyo ng'ombe inaenda wapi, bana?"

"Bungoma. Ndugu yangu ni mgonjwa."

"Mgonjwa na anatembea hivyo? Ati mgonjwa!" Wakacheka. "Nyinyi piteni. Ng'ombe inabaki."

"Chukueni," nikasema haraka.

Wanjala akazungusha kamba mkononi mara mbili. "Si yenu," akasema. "Ni yangu. Hajanywa maji."

Miaka mingi sikuwa nimemsikia akisema kitu ni chake. Sista angefurahi. Mimi nilimsogelea, maana mmoja wao alikuwa ameacha kucheka.

"Wachilia, ndugu yangu. Nakuomba."

"Hajanywa maji."

Panga likashuka kwa ubapa kwenye vidole vyake. Mara ya pili nilisikia mfupa. Hakuachilia. Nilimrukia Wanjala mimi mwenyewe, nikambandua vidole kimoja kimoja kwenye kamba huku akinitazama, kisha nikamburuta mpaka hatukuwaona tena.

Tulifika Bungoma, na Wanjala akalala akiutazama ukuta. Sista alikuja kumuuliza angependa kuanza na kitu gani safari hii. Akajifunika blanketi hadi kichwani.

Tuko hai. Iligharimu nyumba, mahindi yote ya ghalani, mtamba mmoja, vidole viwili ambavyo havikunjiki mpaka leo, na miezi mitano ya kuinuka asubuhi.