Sufuria Isiyounguza

Nyumbani waliniita Kinyaa tangu utotoni, kwa sababu sikunywa maji kwenye kikombe cha mtu na nilinusa kijiko kabla ya kukitia mdomoni. Mungu naye ana utani wake: nikaishia kuwa fundi wa meno ya bandia. Kutwa nashinda na chapa za midomo ya watu, zenye mate na mabaki ya chakula cha jana, nimevaa glavu mbili mbili. Kwa hiyo nikisema kitu kinatia kichefuchefu, nasema kwa ujuzi.

Dawa ya dada yangu ilitia kichefuchefu. Alinunua mawe meusi laini yanayotoka milimani, akayachemsha kutwa nzima hadi yakawa kitu kizito kama grisi, akakijaza kwenye vichupa na kukiita Nguvu ya Mwamba. Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, asubuhi na jioni, kwa magoti, kwa uchovu, kwa damu. Mara ya kwanza kuiona ikining'inia kwenye kijiko kama kamasi jeusi, nilitoka nje.

"Inanuka soksi zilizolowa," nilimwambia.

"Kinyaa, wewe hata ziwa la mama ulilinusa kwanza," dada akanijibu, mkono mdomoni. Alivunjika jino la mbele akiwa na miaka kumi na miwili, na tangu siku hiyo hacheki wala hasemi neno refu bila kuziba mdomo. Nimeshamwambia mara nyingi nimtengenezee jino. Anasema hawezi kuweka mdomoni kitu kilichotoka mezani kwangu.

Kilichoniuma ni kwamba dawa ilifanya kazi. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa mjamzito, baada ya mimba mbili kuharibika, na damu hana. Vidonge vya madini chuma vya kliniki vilimtapisha. Dada akampa Nguvu ya Mwamba, na baada ya wiki sita kipimo kikapanda, nesi akampongeza. Mama akanipigia simu makusudi kunieleza hayo. Nikameza maneno yangu, na yalikuwa machungu.

Mimba ilipofika miezi sita, mdogo wangu akaja karakana kwangu analalamika kuwa fizi zinavuja damu.

"Na mdomo una ladha ya sarafu," akasema. "Tumbo linanikata. Choo sijapata siku ya nne leo."

Nikamkalisha dirishani, nikamfunua mdomo. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya samawati iliyochanganyika na weusi, kama umechorwa kwa kalamu. Nikadhani ni ile takataka ya dada imeganda. Nikafuta kwa pamba, nikafuta tena. Haukutoka. Ulikuwa ndani ya nyama yenyewe, na mimi nimewahi kuuona mara moja tu, kwenye picha aliyotuonyesha mwalimu chuoni: mdomo wa mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha betri. Mwalimu alisema ukiuona mstari huo, mtu ana madini ya risasi mwilini, nayo ni sumu.

"Acha kuinywa leo," nikamwambia. "Twende hospitali wakakupime."

Alishika tumbo lake. "Nikiacha damu ikashuka, na huyu naye akatoka? Utamwambia nani kuwa ni kinyaa tu kilichokushika?"

Nilimshika mkono tukaenda. Alitolewa damu, akaambiwa majibu ni baada ya siku tatu. Mimi sikuweza kukaa bure. Nilichukua kichupa kimoja na kipande cha jiwe bichi, nikampelekea mkemia mmoja wa maabara ya kupima maji, ambaye anatabasamu kwa meno niliyomtengenezea mimi.

Siku ya tatu hospitali wakasema risasi iko juu kwenye damu ya mdogo wangu. Wakamlaza. Moyo wa mtoto unapiga, daktari akasema, mengine tutayajua kadiri siku zinavyokwenda. Mchana huohuo mkemia akanipigia.

"Jiwe halina neno," akasema. "Lina chuma kingi, ndiyo maana damu ilipanda. Risasi iko kwenye dawa ya chupa. Mnalipika kwenye chombo gani hilo jiwe? Na mnatia kitu kikali? Siki, ndimu? Ukali huo huivuta risasi kutoka kwenye chombo."

Nilikwenda kwa dada bila kubadilisha aproni. Nilimkuta jikoni anakoroga. Sufuria ilikuwa nene, ya kijivu, kitako chake kizito kama nanga. Pembeni palikuwa na maganda ya ndimu, rundo zima.

"Hii sufuria umeitoa wapi?"

"Ya shemeji yako. Zamani alikuwa anayeyushia risasi za betri za magari, kabla hajanunua sufuria kubwa zaidi." Alisema kwa majivuno ya mpishi. "Haiunguzi hata ukienda sokoni ukarudi. Na nimeisugua kwa majivu mara saba, hata wewe ungekula humu."

Nikaokota ganda moja la ndimu.

"Na ndimu?"

"Ndimu ni kwa ajili yako. Si ulisema inanuka?"

Nikamwambia yote: mstari, damu ya mdogo wetu, kitanda cha hospitali, simu ya mkemia. Nilitarajia matusi. Dada alizima moto kwanza, akaweka mwiko chini taratibu.

"Mimi siuzi uchafu," akasema. "Kila sufuria naionja mwenyewe kabla sijajaza chupa. Kila siku, mwaka mzima. Siwezi kumpa ndugu yangu kitu ambacho sijakitia—"

Mkono uliokuwa umeziba mdomo ukashuka, kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto.

"Niangalie," akasema.

Nilimgeuza kwenye mwanga. Nilimshika taya kwa mikono mitupu, glavu sikuzikumbuka. Mstari ulikuwa umezunguka kote, juu na chini, ukapita hata chini ya lile jino lililovunjika, mweusi kuliko wa mdogo wetu. Harufu ya ile dawa ilikuwa kwenye pumzi yake, na juu yake harufu ya ndimu.

"Na mtoto wa mdogo wetu?" aliniuliza, mdomo bado wazi mikononi mwangu.