Mtaro wa Profesa

Itangazwe kwa wakubwa na wadogo kwamba kuanzia leo hakuna tone la mvua litakalotoka katika shamba hili bila idhini! Ndivyo Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, alivyoutangazia ukoo akiwa juu ya tuta la mtaro wake mpya. Mtaro ulikata mteremko kutoka mpaka hadi mpaka, ili ulale sawasawa, maji yatulie humo na kuzama taratibu hadi kwenye mizizi ya migomba. Mdogo wake, mwenye shamba la chini, alipiga makofi.

Mvua haikuomba idhini. Maji yote yalikimbilia ncha moja ya mtaro, yakapasua tuta, yakazoa miche ya mdogo mtu, matandazo ya majani makavu, mboji ya mwaka mzima na nusu ya banda la bata.

Mdogo akapanda na jembe. Hakubisha hodi.

"Kaka, umenimaliza!"

Profesa alikuwa na jibu la kweli na jibu la haraka. Akachagua la haraka.

"Tuta umelibomoa wewe! Wivu tu!"

Mpini ukamshukia begani. Mfupa ukalia kama kuni kavu. Akajibu kwa kichwa, pua ya mdogo wake ikabubujika damu. Wakaporomoka mtaroni, wakang'atana, wakazamishana nyuso kwenye tope. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; shida ni kwamba jembe lenyewe lilikuwa kwenye ugomvi.

Profesa akapata kukaa juu. Akamkaba koo kwa mkono uliobaki mzima.

"Sema umelibomoa! Sema!"

Macho ya mdogo wake yakageuka meupe. Watu wakaja mbio.

"Msiniguse! Mimi nilipima usawa kwa fremu! Miti mitatu kama herufi A, kamba na jiwe la kuning'inia katikati! Mtaro hauna kosa!"

"Fremu ipi, baba watoto?" mkewe akauliza. "Ile ninayoanikia nguo tangu ulipoanza kuchimba? Hata kamba hujaifunga."

Chini ya Profesa, mdogo wake alikoroma kama bomba lililoziba.

Profesa akaachia koo.

"Hajaligusa tuta," akasema. "Ni mimi. Jua lilikuwa kali, mgongo unauma. Nikakadiria kwa jicho."

Mdogo wake akavuta pumzi, akatema jino, akapapasa tope kutafuta jembe.

"Jicho lipi?"

"La kulia," Profesa akakiri, akalifumba.