Tairi Hupimwa Likiwa Baridi

Kule jangwani Arizona, kwenye kambi ya wazee wanaoikimbia theluji na magari yao ya kulala, Wendell Aasen ndiye aliyekuwa kadhi wa matairi. Mgeni akifika na gari jipya, huambiwa asiliguse, amwite Wendell. Naye humpeleka kwenye mizani ya malori, gari likiwa limesheheni maji, vyombo, mbwa na mama mkwe, likapimwa gurudumu baada ya gurudumu, ndipo lisomwe jedwali la mwenye kuunda tairi, lionyeshalo upepo unaofaa uzito ule. Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, alikuwa akisema, si agizo, ni ukomo.

Nadine, mkewe, hakuwahi kushika geji ya kupimia upepo. Alianza wiki waliyokuwa wanajiandaa kurudi kwao Idaho, joto lilipoanza kuuma. Jirani yao Lyle alipita asubuhi na kahawa yake mkononi, akasimama.

"Shemeji, gari lenu limepiga magoti. Mnasali?"

"Wendell kapima jana tu."

"Basi pima na wewe. Tairi la mbele likipasuka kwenye mteremko ule wa njiani, pai zako nitazila wapi?"

Alipima. Matairi ya mbele yalitakiwa upepo wa paundi themanini. Alikuta sabini na mbili. Akajaza upepo kimya kimya. Kesho yake ikawa vilevile. Akamwaga maji ya sabuni kwenye vali, povu halikutoka. Tairi lilikuwa zima.

Mchana wake, jua limewaka hata chuma hakishikiki, alimkuta mumewe amechuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Upepo ulikuwa ukitoka kwa mluzi.

"Unafanya nini, mzee wangu?"

"Limezidi. Themanini na tisa. Nalipunguza."

Nadine aliuliza taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa mgonjwa. "Hivi tairi hupimwa saa ngapi?"

"Alfajiri, likiwa baridi, kabla jua halijaligusa. Mchana upepo umevimba kwa joto. Ukiupunguza, umejichimbia kaburi." Akamtazama, akatabasamu. "Miaka yote hii hujui? Kumbe nimeoa mwanafunzi mzito."

Na kidole chake bado kilikuwa kimebonyeza vali.

Nadine alicheka, maana ndicho alichotarajiwa kufanya. Kisha akaingia ndani akasimama katikati ya jiko lao dogo, mikono imening'inia. Si kwamba hakuona mengine. Aliona Wendell akimwita Lyle kwa jina la kaka yake mwenyewe aliyekufa. Aliona moto umeachwa chini ya sufuria tupu. Aliyaita uchovu, aliyaita uzee. Hili alikosa jina la kulifunika. Na mwenye usukani siku zote alikuwa Wendell.

Siku ya safari aliamka kabla ya jua, akajaza matairi, akamngoja mlangoni.

"Nipe ufunguo. Leo naendesha mimi."

Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, maneno ameyapanga. Wendell alipapasa mfukoni, akautoa, akauweka kiganjani mwa mkewe na kumfumba vidole.

"Nilikuwa nangoja useme," alisema. "Mimi nilishindwa."

Akazunguka mbele ya gari polepole, mkono ukiburuzika juu ya boneti, akaenda kuutafuta mlango wa upande wa pili.