Spea ya Lori la Dramadri

Eyotaru alikuwa akiosha lori analoendesha mumewe kwa sabuni ya unga, asubuhi uani kwao Koboko, alipoona vinundu vya manjano vimeota chini ya taa za mbele. Alivisugua, havikutoka. Vilikuwa laini kama mafuta ya kuku. Kila taa ilizungukwa na duara jeupe, na vioo vya pembeni vilikuwa na mkunjo wa mshazari, kama ndewe za mzee. Akasuuza, akaanika kitambaa, akaenda kumwita tabibu.

Tabibu Constantino wa kliniki ya jirani alilizunguka lori polepole.

"Mafuta kwa kope, duara kwa jicho, mkunjo kwa sikio," akasema. "Hii si hukumu, mama, lakini dalili ya mvua ni mawingu. Labda mishipa ya moyo inaziba. Dereva apimwe, na mashine kubwa iko Kampala."

Mumewe, Dramadri, alikuwa amekaa kizingitini, kajishika kifua. Miaka yote aliyobeba simenti kutoka Arua hadi Oraba, lori hilo lilimpenda, na kila mtu alilijua hilo. Sasa lilikuwa limembebea hata dalili zake. Usoni mwake hamkuwa na kidoa.

Enoch, mwenye lori, alikuja mbio, nusura alie. "Gari yangu! Kesho inapanda treila, inaenda Kampala."

"Na bwana yangu?" Eyotaru akauliza.

"Huyu iko mzima. Angalia macho yake!"

Hapo ndipo mwanamke huyu, jamani, alipoonyesha yeye ni nani. Wengine wangepiga magoti. Eyotaru alimvalisha mumewe shati la kanisani, na treila ilipofika akamkalisha kwenye kiti cha dereva cha lori, akamfunga mkanda.

"Huyu anafanya nini humo?" Enoch akauliza.

"Ni spea. Bila yeye gari haiwaki. Jaribu mwenyewe."

Enoch alipanda, akazungusha ufunguo mpaka kidole kikauma. Lori kimya. Dramadri aliuweka mkono kwenye usukani tu, likanguruma.

"Basi spea iende," Enoch akasema.

Kule Kampala mafundi walilikagua lori lote, wakafika kwenye spea, wakaona hitilafu iko hapo, wakaipeleka hospitali. Mishipa miwili ilikuwa imeziba, ikazibuliwa. Gharama ziliingizwa kwenye matengenezo pamoja na pampu ya dizeli.

Lori lilirudi taa zimetakata, Dramadri akipiga honi tangu Pajulu, kule Arua. Eyotaru alilia kwa furaha mbele za watu, wala hakuona haya. Heko, mama! Enoch naye alisifiwa sokoni kwa kutunza vyombo vyake.

Mwezi uliofuata, dereva wake wa pili, Aliga, alimjia akitokwa jasho. Alisema kifua kinambana na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Lori lake lilikuwa jipya, yeye nalo walikuwa bado hawajazoeana.

Enoch aliinuka haraka, akatoka nje, akainama kuzitazama taa moja moja, akapapasa vioo vya pembeni. Vilikuwa safi.

"Gari iko sawa," akasema. "Pakia simenti."