Tambi za Kuchelewesha Dua

Kuku alikwisha zamani. Kwenye sinia kubwa kulibaki mchuzi mwekundu, viazi viwili, na pilipili ambazo hakuna aliyekuwa na ubavu wa kuzigusa. Watu saba waliozunguka meza walikuwa wameshiba hadi kooni, na wote walimtazama mtu mmoja: Seypidin, seremala, aliyewazidi umri. Ni yeye wa kuinua mikono na kuomba dua. Dua ikiombwa, meza imefungwa na watu wanainuka. Isipoombwa, mwenye haraka atakaa papo hapo na adabu zake.

Na haraka ilikuwapo kweli. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mkahawa wa Hemit walimokuwa wakila, basi la Kashgar lilikuwa likipakia mizigo. Lingetoka hapa Ghulja saa kumi kamili, na Zulpiye, binti pekee wa Seypidin, aliyeolewa Alhamisi, angeondoka nalo pamoja na mumewe Abliz. Siku mbili njiani, na milima katikati.

Seypidin akagonga meza. "Hemit! Lete tambi nyingine!"

"Mzee, hii ni sahani ya tatu!"

"Kwani nimekuajiri uhesabu? Mchuzi mtamu hivi tumwachie nani?"

Hemit akarudi jikoni huku akitikisa kichwa. Donge la unga likasikika likipigwa mezani, pa, pa, na punde akaja na tambi pana zinazofuka mvuke, akazimwaga kwenye mchuzi. Majirani watatu walioalikwa wakatazamana kama watu waliohukumiwa.

"Baba Zulpiye," alisema Patem, mkewe, "kuna watu hapa watapasuka."

"Wapasuke, lakini wameshiba. Huyu mkwe wetu je, nani ajuaye atakula lini tena? Kashgar wanadonoa tu, kama kuku."

"Tunakula vizuri tu, baba," alijibu Abliz. "Ila sisi tukila tunanyamaza, ndiyo maana hamtusikii mpaka huku."

Meza nzima ikacheka. Seypidin naye nusura acheke, na jambo hilo likamuudhi. Miezi miwili alikuwa akimtafutia kijana huyu kasoro, asione ila moja, kwamba kwao ni mbali. Hakutaka kuvunja ndoa ya mtu, hasha. Alijua anafanya utoto, mzee mzima na mvi zake. Lakini mikono yake ilikuwa imetengeneza hata susu, kitanda cha mtoto, alimolelewa Zulpiye, na sasa ndiyo hiyo hiyo iinuliwe kumruhusu aende. Ilikuwa mizito, haikuinuka.

Dereva akapiga honi. Saa kumi kasorobo.

"Baba," Zulpiye alisema taratibu, "dua."

"Kula kwanza. Umekonda."

"Nimekonda tangu asubuhi?"

Akamjazia bakuli. Kisha akamjazia Abliz, akalisindilia hasa, akimvizia. Kijana akikunja uso tu, au akitazama saa yake, basi! Seypidin angepata la kusema, na hasira ingemsaidia kumaliza siku.

Abliz alilegeza mkanda tundu moja, akala. Jasho lilimtoka kipajini. Alipomaliza aliweka vijiti vyake vya kulia chini, akageukia jikoni.

"Kaka Hemit, naomba sahani nyingine."

Zulpiye akamvuta mkono wa shati. "Una wazimu? Basi linaondoka! Jumanne unatakiwa uwe darasani unafundisha, mwalimu mkuu atakula nyama yako!"

"Atanifokea, yataisha. Basi lingine lipo keshokutwa." Akashusha sauti, na hapakuwa na mzaha ndani yake. "Baba bado hajashiba."

Seypidin alimtazama yule kijana, mdomo umeng'aa mafuta, shati la arusi limembana tumbo. Aliitafuta ile hasira aliyokuwa ameiandaa, asiipate. Akainua mikono.

Alikuwa na dua ndefu kichwani, ameipanga tangu Alhamisi. Yalitoka maneno matatu. "Mungu awafikishe salama," alisema, na hakuweza zaidi. Wakaitikia amina, wakajipangusa nyuso. Viti vikavutwa, mabegi yakanyakuliwa, wote wakavuka barabara mbio. Zulpiye alimkumbatia baba yake kwa nguvu mlangoni pa basi, kisha basi likaondoka, na vumbi lake likatulia.

Majirani wakaaga. Seypidin akakumbuka kofia yake, akarudi mkahawani na Patem. Hemit alikuwa amesimama kando ya meza, ameshika sahani ya tambi.

"Sasa hii nifanyeje, mzee? Dua imekwisha ombwa."

"Iweke hapo. Ameiagiza mkwe wangu."

"Wewe!" Patem alishangaa. "Wewe, baada ya dua?"

Lakini naye alivuta kiti. Walikula polepole, wawili peke yao kwenye meza ya watu saba, hadi sahani ikabaki nyeupe.

Seypidin akainua mikono tena. Safari hii dua yote ilitoka. Alimwombea Zulpiye mama mkwe mwenye huruma, nyumba yenye kicheko, na barua zisizokawia. Alimwombea Abliz kwa jina lake, akamwita mwanangu, mara mbili. Machozi yalimteremka ndevuni na hakuyafuta. Hakuna basi lililokuwa likimngoja, akaomba mpaka akamaliza yote.

"Amina," alisema Patem.