Mahari ya Soila Hewani

Mimi sina subira, na sioni aibu kusema hivyo. Kazi yangu haikutaka subira. Nilikuwa nikikalia redio ya upepo ya kampuni moja ya utalii hapa Karatu, na redio ile ina sharti moja kubwa: ukishika kitufe unasema wewe peke yako, njia nzima inanyamaza, ukimaliza useme "ova", uachie, mwenzio apate nafasi. Mtu wa maneno mengi akishika kitufe, gari linaweza kuzama kwenye matope huko Malambo na dereva asipate hata pa kulilia. Ndiyo maana madereva waliniogopa kuliko chui.

Mwaka ule wa mvua za El Nino, simu zilikufa na barabara ya kushuka Mto wa Mbu ikafungwa. Watalii nao wakaacha kuja. Kampuni ikapunguza walinzi, na wa kwanza kupunguzwa akawa Tobiko wa Endulen.

Huyu Tobiko, alipokuwa getini kwetu, alikuwa akichora hadithi za picha: viboksi vya kalamu ya wino, watu na ng'ombe ndani yake, na maneno yao juu ya vichwa. Ile ya mwisho aliiita Mahari ya Soila. Nilisoma nusu yake nikaunguza maharage, na mimi si mtu wa kuunguza maharage. Nilimwambia wazi kwamba ana kipaji, akacheka kwa aibu. Kaka yake, Senteu, hakucheka. Alikuwa amemtafutia kazi ya ulinzi Dar es Salaam, akaja Karatu na begi lake kumchukua. Kwa Senteu, kuchora ng'ombe ni kazi ya mtu aliyekosa ng'ombe wa kuchunga.

Bahati nzuri, kabla barabara haijafungwa, dereva wetu Nehemia alikuwa amezifikisha kurasa za mwanzo Arusha, kwa Bwana Obed, mhariri wa gazeti la hadithi za picha, aliyepakana na ofisi yetu kuu yenye redio. Nehemia alirudi na jibu la mdomo: picha nzuri, nafasi ipo, lakini Tobiko atoe sentensi moja ya kuwekwa jaladani, sentensi ya kumfanya mtu aliyetoka kununua kiberiti arudi nyumbani na gazeti. Aisome kwa redio kabla jalada halijaenda mtamboni Ijumaa. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine.

Senteu alikubali kungoja mpaka siku hiyo. "Wakimkubali, abaki achore," akasema. "Wakimkataa, tunapanda gari la kwanza litakalopata njia."

Sentensi moja tu! Nilidhani tutamaliza kabla chai haijapoa. Jumatano nikamwita Bwana Obed hewani, nikampa Tobiko kipaza sauti. Akashika kitufe kwa mikono miwili.

"Bwana Obed, shikamoo. Hapa kwetu salama. Katika boma la baba yake Soila pia salama. Watoto wazima. Ng'ombe wazima, mbuzi wazima, mvua imenyesha vizuri, majani yapo. Mzee ana wake watatu, nao wanaelewana. Mke mkubwa ametoka Enguserosambu, na baba yake..."

Alipofika kwa babu yake mke wa pili nilimpiga kofi la bega. Akaachia kitufe bila hata kusema ova.

Redio ikalipuka. Dereva mmoja alikuwa akiomba springi tangu mke mkubwa hajaolewa. Mwingine, ukingoni mwa kreta, alitaka kujua ni mchungaji gani aliyeingia njiani. Walipotulia ikaja sauti ya Bwana Obed, ya upole kabisa. "Karatu, nimesikia. Sasa, ndugu yangu, kama wote ni wazima, gazeti watu wanunue la nini? Ova."

Mlangoni Senteu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

Nikasema basi, naandika mimi. Nimenunua magazeti hayo miaka mingi, najua jaladani panatakiwa nini. Alhamisi nikashika kitufe nikasoma kwa sauti ya kutetemesha: "Mapenzi! Machozi! Usaliti! Damu! Ova."

"Mama Angel," akajibu Bwana Obed, "hiyo ninayo kwenye hadithi tatu za mwezi huu. Ova."

"Na damu haimo, yeiyo," Tobiko akaninong'oneza. Alizoea kuniita hivyo, yaani mama, kwa lugha yao. "Hakuna hata aliyejikwaa."

Hapo nikawaka. "Kwani kwenu hamna habari mbaya? Mtu akifiwa mnasema mbuzi wazima?"

"Tunaisema, yeiyo. Ila mgeni kwanza akae, anywe maziwa, asikie yaliyo mazima. Ukimpokea kwa msiba mlangoni ni kama umemfukuza."

"Huyu mgeni wako hakai! Amesimama kibandani, kiberiti mkononi, mvua inamnyeshea!"

"Kizuri chajiuza," akasema taratibu.

"Kinajiuza kikiwa sokoni! Chako kiko chini ya godoro!"

Akainama, na nikaona macho yake yamejaa machozi. Hasira yangu ikaniponyoka. Sikutaka kijana huyu akasimame kwenye geti la mtu mwingine, mji wa mbali, mpaka vidole visahau kuchora. Niliumia kweli.

"Niambie," nikasema kwa sauti ya kawaida, ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia kwangu. "Ni picha ipi ambapo wewe mwenyewe ulijua mambo yameharibika?"

Hakufikiri. Alichukua karatasi ya ofisi akaichora upya mbele yangu, picha ambayo nilipoiona mara ya kwanza niliipita mbio nikitafuta mapenzi. Jioni, ng'ombe wa mahari wanafika kwa baba yake Soila. Vijana wamejipanga na fimbo zao kuwaelekeza. Lakini ng'ombe wanaingia wenyewe, kila mmoja anakwenda kulala mahali pake, na mzee amesimama tu, mkono aliouinua kuwaelekeza umemshuka.

"Sasa? Ng'ombe wameingia. Si vizuri?"

"Yeiyo, ng'ombe mgeni halijui lango. Anasita, anageuka, mnasukumana naye mpaka mnachoka. Hawa wameingia kama watu wanaorudi kwao kutoka kisimani."

Mimi ni Mchaga wa Rombo. Ng'ombe wetu tunamkatia majani tukamletea bandani, haendi popote, kwa hiyo ilinichukua muda. Kisha nikaruka kitini. "Walishawahi kukaa pale!"

"Ndio wale wa mzee mwenyewe, waliopotea mwaka jana."

"Mkwe anamlipa mzee kwa ng'ombe wa mzee!" Nikapiga meza. "Mtoto wewe, jambo hilo ulikuwa ukimficha nani?"

Tukabishana mpaka ofisi ikafungwa. Mimi nilitaka neno wizi liwemo. Alikataa katakata: ukishasema wizi, msomaji hana tena la kutafuta. Yeye alitaka wazee, ukoo na mvua. Nilimwachia wazee. Mvua nilimnyima, tulikuwa nayo ya kutosha.

Ijumaa asubuhi lori la kwanza lilikuwa limepata njia, likinguruma nje. Senteu alisimama mlangoni, begi begani. Tobiko aliniomba nisome mimi, nikakataa, kwa sababu hadithi ni yake. Akashika kitufe.

"Mahari ya Soila imetimia na wazee wamebariki, ila ng'ombe wote wameingia bomani bila kuonyeshwa lango. Ova."

Akaachia. Nilidhani betri imekufa.

Kisha ikaja sauti nzito kutoka Malambo, ya mtu nisiyemjua. "Karatu, rudia hapo pa lango. Ova." Hatujarudia, mwingine akadakia: "Wanapajua kwao hao! Ova." Dereva wa ukingoni mwa kreta akapiga ukelele: "Yaani mzee kalipwa ng'ombe wake mwenyewe? Ova!" Mwanamke mmoja wa Endulen alikuwa akicheka mpaka akasahau kuachia kitufe. Niliwakemea waache njia wazi na hakuna aliyenisikiliza, mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Bwana Obed ilibidi asubiri zamu. "Karatu, nafasi ni yake. Picha hiyo ninayo hapa, na niliipita. Kurasa zilizobaki zije haraka. Ila mwulize kwanza, huyo Soila, yeye alikuwa anajua? Ova."

Njia nzima ikanyamaza kumngoja. Tobiko akashika kitufe, nami nikaogopa, maana namjua. Akavuta pumzi.

"Mtasoma. Ova."

Akakirudisha kipaza sauti mezani. Nje, dereva wa lori akapiga honi. Senteu hakugeuka. Aliteremsha begi lake, akalikalia, akaanza kumsemesha mdogo wake kwa Kimasai, polepole, kwa sauti ya kubembeleza. Sijui Kimasai, lakini jina la Soila nililisikia.